Corolla ya mchele: bomba moja limepasuka, lingine lilishapondwa

Gari ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, usukani wa kulia, injini inavuta magurudumu ya mbele. Ilitoka Japani ikiwa imeshatumika, na tangu ifike hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, imepita kwenye mikono ya watu kadhaa. Mwenye gari wa sasa ni mama mfanyabiashara wa mchele: anaununua bonde la Ruzizi, anaupandisha kwa Ngomo, ule mlima wa makona, anauza Kadutu hapa mjini. Shoferi ni mdogo wake. Siku ya tukio kijana alikuwa akishuka kutoka soko la Kadutu akiwa na magunia machache, pedali ya breki ikazama, gari likavutwa kushoto kwa nguvu, akalisimamisha kwa gia ya kwanza, breki ya mkono na ukingo wa mtaro. Hakuna aliyeumia.

“Papa, freni ilikuwa muzuri kabisa mpaka leo asubui,” kijana aliniambia gari lilipofika garaji. “Ilikuwa nguvu, hata kupompa haikuomba.”

Hakuwa anadanganya, na ndiyo sababu ya kukiandika kisa hiki. Pedali yake ilikuwa ngumu kweli. Ila ilikuwa ngumu kwa sababu mbaya.

Tundu lenyewe halikusumbua. Upande wa ndani wa gurudumu la nyuma kushoto ulikuwa umelowa, lakini kwenye gari la umri ule hapo panaweza kulowa kwa mambo mengi: shokamzoba iliyochoka, bomba la petroli, au maji ya barabara tu. Nilikinga matone machache kwenye kikombe chenye maji. Mafuta ya injini na ya shokamzoba huelea juu na kufanya utando unaong’aa. Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya DOT 3 na DOT 4, asili yake ni glaikoli, huingia ndani ya maji na kupotea. Matone yalipotea. Nikachota kidogo pia kutoka kwenye chupa ya breki kule mbele na kurudia jaribio, maana wapo wanaoishiwa njiani wakajazia mafuta ya injini, na hayo huvimbisha kila mpira ulio ndani ya mfumo mpaka hakuna cha kuokoa. Dalili ya haraka ni mpira wa kifuniko cha chupa: ukikuta umevimba na kujikunja, haurudi tena mahali pake, jua kuna mtu ameshapita na mafuta yasiyo yake. Hapa ulikuwa mzima. Tulianza na bahati.

Bomba lilikuwa limetoboka chini ya sakafu, ndani ya kibanio cha plastiki kinacholishikilia. Hayo mabomba huanza kuoza ndani ya vibanio karibu kila mara, kwa sababu tope huingia hapo na halitoki. Bomba la kiwandani ni chuma chembamba, milimita 4.75 kwa nje, tabaka mbili zilizokunjwa pamoja na kupakwa kinga juu. Kinga ikishachubuka, kutu inaanza vishimo vidogo ambavyo jicho haliwezi kupima kina chake. Na ndani ya chuma hicho mambo si madogo: mguu ukikandamiza kwa nguvu na servo, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu, ikisaidia, presha inaweza kufika bar 100, wakati tairi la gari hilohilo linabeba bar 2 na kidogo.

Kutu yenyewe nadhani ilianzia mbali. Sisi hatumwagi chumvi barabarani. Japani ya kaskazini na nchi nyingi za Ulaya huimwaga wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na gari lililokaa huko miaka kadhaa linakuja likiwa na ugonjwa tumboni. Chini ya Corolla hii kulikuwa kumepuliziwa rangi nyeusi, juu ya kutu, bila kukwaruza. Ukinunua gari lililopakwa hivyo, rangi hiyo ichukulie kama swali kwa muuzaji. Mvua zetu, zinazoanza Septemba na kwenda mpaka Mei, na tope la njia ya Nyangezi, vilimalizia tu.

Hadi hapo kilikuwa kisa cha kawaida. Kilichonisimamisha ni maneno ya kijana kwamba gari lilivutwa kushoto na karibu halikupunguza mwendo. Breki za magari yote ya siku hizi zina njia mbili za mafuta zinazotoka kwenye silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali. Marekani ililazimisha jambo hilo kwa magari mapya mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwenye gari linalovutwa kwa mbele kama hili, njia hizo hukatana msalaba: gurudumu la mbele kushoto linaenda pamoja na la nyuma kulia, na la mbele kulia linaenda pamoja na la nyuma kushoto. Bomba la nyuma kushoto likipasuka, unapoteza hilo na la mbele kulia. Pedali inashuka sana, lakini baadaye unakuta upinzani, na magurudumu mawili yaliyobaki, moja mbele na moja nyuma upande wa pili, yanakusimamisha. Si vizuri, ila yanakusimamisha. Huyu kijana hakusimamishwa.

Tulipandisha nyuma kwa jeki, tukaweka stendi, kijana wa garaji akakanyaga pedali hadi mwisho na kuishikilia. Nikazungusha gurudumu la nyuma kulia kwa mkono. Lilizunguka kama vile hakuna mtu ndani ya gari. Tukavuta breki ya mkono: likashika kabisa.

Hapo ndipo mama alipodanganywa, yeye na mdogo wake na pengine waliomtangulia. Breki ya mkono haitumii mafuta. Ni kebo inayovuta moja kwa moja viatu vya breki, vile vinavyokandamiza kutoka ndani ngoma inayozunguka na gurudumu. Bukavu hakuna anayeegesha bila breki ya mkono, mji wenyewe ni vilima, kwa hiyo kila siku gari lilithibitisha kwamba breki za nyuma ni nzima. Gari linashika mlimani, pedali iko juu na ngumu, shoferi ataulizia nini tena?

Nilipofungua ngoma ya kulia, viatu vilikuwa vinene kama vimetoka dukani jana, na uso wa ndani wa ngoma ulikuwa na ukungu wa kutu badala ya kung’aa. Ngoma ya kushoto ilikuwa imelika na kung’aa. Gurudumu la kulia lilikuwa halijafunga breki kwa muda mrefu. Nikafuata bomba lake kwa vidole kutoka kwenye mpira wa nyuma, kile kipande cha bomba kinachopindika karibu na gurudumu, kurudi mbele, mahali ambapo huoni kitu bila kuondoa gurudumu na kulala chali na tochi. Lilikuwa limekatwa, ncha imepondwa kwa koleo, ikakunjwa mara mbili na kupondwa tena. Tope lilikuwa limeifunika vizuri.

Basi hesabu ya asubuhi ile ilikuwa hivi: nyuma kulia lilizibwa zamani, nyuma kushoto limepasuka na kuondoka na mbele kulia. Gari lenye magunia ya mchele lilikuwa linashuka Kadutu likishikwa na gurudumu moja, la mbele kushoto. Ndiyo maana lilivutwa kushoto. Na sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo kushoto ni kwa wanaokuja.

Bomba likizibwa kwa kupondwa, pedali haiwi laini. Mafuta yanayohitajika kusukuma breki yanapungua, kwa hiyo inaweza hata kuwa ngumu zaidi kuliko ya gari zima. Ugumu wa pedali unakueleza kwamba mafuta hayatoki nje na hewa haimo. Haukuelezi ni magurudumu mangapi yanayofanya kazi. Nimewasikia mafundi, tena wazuri, wakikanyaga pedali mara moja gari likiwa limezimwa na kusema “freni iko.” Iko wapi? Kwenye gurudumu gani?

Kuhusu aliyeponda lile bomba, sitamtukana. Ukipasukiwa katikati ya Ngomo, jioni, hakuna roli ya bomba wala kifaa cha kupanua mdomo, kuziba njia ya gurudumu moja ili ufike mjini kwa gia ya kwanza ni akili ya njiani, na huenda iliokoa watu. Kosa ni gari kufika mjini na kuendelea kufanya kazi hivyo, kisha kuuzwa hivyo. Fundi akiziba kitu cha namna hiyo, amwambie mwenye gari mbele ya mashahidi, afunge kitambaa chekundu kwenye usukani, afanye chochote kitakachomzuia mtu kusahau.

Sasa swali la kazi: uishie wapi? Mama alikuwa na dola 20 mkononi na swali la haki.

“Papa, si ufunge tu fasi yenye imetoboka?”

Sikumjibu kwa mdomo. Nilimwomba ainame, nikakwaruza bomba kwa ncha ya bisibisi kama nusu mita mbele ya tundu. Kutu ilitoka magamba magamba, na kijana alipokanyaga pedali, pale palipokwaruzwa pakaanza kutoa jasho. Bila tundu la kuonekana. Unyevu tu uliokusanyika ukawa tone. Mama akanyamaza, kisha akauliza bei ya kufanya yote.

Kiraka si dhambi wakati wote. Kipande kifupi chenye midomo iliyopanuliwa pande zote na kiungo chake cha nati kinakubalika kama bomba la pande zote mbili bado ni chuma kizima, kwa mfano jiwe likilibonyeza bomba jipya. Kwenye bomba lililooza, unashonea kitambaa kilichooza. Vile viungo vya pete ya shaba nyekundu wanavyotumia watu wa maji na wa friji havifai kwa presha ya breki hata siku moja. Kipande cha mpira na vibano viwili sitakijadili. Kulehemu bomba hilo nako ni kuchoma ukuta mwembamba karibu na bomba la petroli. Mama aliulizia pia bomba la okazi kutoka kwenye gari lililokufa, na hapo wengi hukosea kwa nia njema: gari lile ni la umri uleule, limepita kwenye chumvi ileile, na kulitoa bomba bila kulipinda ni kazi ya miujiza.

Uamuzi wangu ulikuwa kubadilisha mabomba mawili ya nyuma yote, kuanzia kwenye vali ya kugawa presha kwenye ukuta wa injini hadi kwenye mipira ya nyuma. Yale mafupi ya mbele, yaliyoko kwenye chumba cha injini, yalikuwa makavu na rangi yake ya kiwandani ipo, niliyaacha. Fundi mwenye bidii zaidi angebadilisha yote. Mimi naona pesa ya mteja nayo ni sehemu ya ukarabati, na bomba zima sioni kwa nini nilitoe.

Madukani utapata bomba la chuma, bomba la shaba na nikeli, na utapata mtu wa kukuuzia shaba ya friji akisema ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Shaba tupu hukakamaa kwa mitikisiko na kupasuka pale ilipopindwa, na njia zetu zinatikisa gari kuanzia getini. Ile yenye nikeli, kama sehemu 10 kwa 90 za shaba, haili kutu, hupindika kwa mkono, na viwanda vya magari vya Ulaya vimeitumia tangu miaka ya 1970. Inauma kidogo kwamba nchi inayochimba shaba Katanga inasubiri roli ya mita chache ipitie Dar es Salaam au Mombasa, lakini ndivyo ilivyo. Tulinunua hiyo.

Kutoa nati za zamani ndiko kulikokula muda. Zina ukubwa wa spana namba 10, zimeshikana na bomba kwa kutu, na spana ya kawaida yenye mdomo wazi inazifanya mviringo mara moja. Spana maalumu ya nati za breki inasaidia. Kama bomba unalitupa hata hivyo, likate karibu kabisa na nati, kisha tumia soketi ya pembe sita: inaishika nati pande zote na inatoka. Moto sikuupeleka, mafuta ya breki yanawaka, na petroli iko sentimita chache pembeni.

Mdomo wa bomba ndiyo sehemu ambayo mkono wa fundi unaonekana. Kata kwa kikata-bomba, usitumie msumeno wa chuma, kwa sababu vumbi la msumeno litaishia kwenye silinda. Safisha ukingo wa ndani, puliza, kisha valisha nati. Ukipanua mdomo kabla ya nati umekata bomba bure. Toyota hutumia nati ya M10 yenye uzi wa milimita 1 na mdomo uliokunjwa mara mbili: kwanza kidude cha kuingiza ncha ndani, kisha koni ya kuikunja juu yake. Mdomo wa kukunja mara moja huonekana sawa kabisa, halafu hupasuka. Magari mengi ya Ulaya yana mdomo mwingine, wa mviringo kwa nje, na duka moja la vipuri linaweza kukuchanganyia nati za aina zote mbili kwenye mfuko mmoja. Nilizungusha kila mdomo kwenye mwanga. Mmoja ulikuwa umeegemea upande, nikaukata na kurudia, kwa sababu ukikaza kwa nguvu ili kuziba mdomo uliopinda, utauharibu na upande wa pili pia.

Bomba jipya tulilipitisha njia ya lile la zamani, kwenye vibanio vipya, mbali na ekzosi na mbali na chochote kinachocheza.

Halafu likatokea nililolitarajia. Silinda ya gurudumu la nyuma kulia, iliyolala muda wote huo bila presha, ilipopata mafuta mapya ilianza kuvuja pembeni ya mpira wake wa kuzuia vumbi. Pistoni zilikuwa zimeota kutu mahali pamoja. Nilikuwa nimeshamwambia mama kabla, kwa hiyo hakukuwa na ugomvi: silinda mbili mpya, za kulia na kushoto. Viatu vya kushoto vilikuwa vimelowa mafuta, na viatu vilivyolowa havisafishiki kwa petroli wala kwa kuchomwa, kwa hiyo vilibadilishwa pande zote mbili ili nyuma ishike sawa. Vile vya kulia, vinene, mama aliondoka navyo.

Kutoa hewa kuna jambo la usukani ambalo hapa Bukavu linasahaulika, kwa sababu garaji hupokea magari ya kushoto na ya kulia kwa mchanganyiko. Kawaida unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kwenye gari la usukani wa kushoto hilo ni la nyuma kulia, na vijana wamelikariri hivyo. Corolla hii ina silinda kuu upande wa kulia, basi la mbali ni nyuma kushoto. Jambo la pili ni kipande cha ubao niliochomeka chini ya pedali. Silinda kuu ya zamani hufanya kazi miaka yote kwenye sehemu ileile. Ukiikanyaga mpaka sakafuni wakati wa kupurje, yaani kutoa hewa, mipira yake inaingia eneo lenye uchafu na kutu na kukatika, na mteja anarudi baada ya wiki akisema umemharibia gari. Kijana wetu wa Kadutu alishaifikisha sakafuni siku ile, kwa hiyo niliishuku: nilikanyaga kwa uzito mdogo, injini ikiwa inaunguruma, nikashikilia. Pedali inayoshuka polepole bila mafuta kuonekana nje ni silinda kuu inayopitisha ndani. Haikushuka.

Mafuta niliweka DOT 4, chupa mpya iliyofunguliwa hapohapo. Mama aliona ni anasa. Lakini Ziwa Kivu, hapa Bukavu, liko karibu mita 1,460 juu ya bahari na Tanganyika, linakoishia bonde la Ruzizi, karibu 770, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo barabara ya taifa namba 5 huishusha kwenye makona ya Ngomo. Breki zinapata moto huko hata ukitumia gia vizuri. DOT 3 mpya huchemka si chini ya nyuzi 205, DOT 4 nyuzi 230. Yakishakunywa maji kutoka hewani, asilimia 3.7 tu, kiwango hicho huanguka hadi 140 na 155. Mafuta yaliyochemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama bila kuwa na tundu popote. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya garaji tangu msimu uliopita haina kazi kwenye gari la Ngomo.

Kipimo cha mwisho tulikifanya na shoferi mwenyewe. Tuliosha chini kwa maji na sabuni, ili tone lolote jipya lionekane. Akakanyaga kwa nguvu zote na kushikilia, mimi nikapitisha karatasi kavu kwenye kila nati. Kisha magurudumu manne yakawa hewani, moja baada ya jingine: zungusha kwa mkono, kanyaga, likwame, achia, lizunguke tena. Nilimtaka yeye azungushe na kijana wangu akanyage.

“Kumbe hii ya kulia haikukuwa inafanya kitu,” alisema, mkono ukiwa bado kwenye tairi.

Mama alilipa nusu, nusu akaimalizia baada ya safari ya Kamanyola, kule bondeni, na gari liliporudi nati zote zilikuwa kavu. Kimebaki kitu kimoja, nimekiandika kwenye karatasi yake: mipira miwili ya breki ya mbele ina nyufa ndogo karibu na vichwa vya chuma. Haivuji bado. Ibadilishwe yote miwili kwa pamoja kabla ya mvua za Septemba, na mafuta yamwagwe upya siku hiyohiyo.